Taarifa ya Mwenyekiti: mwaka wetu wa kwanza bila logbuku za karatasi

Wanachama wenzangu, habari zenu. Mambo ya ada mhazini atayasema, mimi nataka niongelee ile kazi iliyokula muda wetu kuliko zote mwaka huu, kuhamisha rekodi za madaktari walio mafunzoni toka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta.

Wote tunaijua wiki ya mwisho ya rotesheni, yaani kipindi cha mafunzo kwenye idara moja, daktari anamkimbilia msimamizi wake koridoni na logbuku, lile daftari la kuandikia kazi alizofanya, imechakaa, anatafuta saini za kazi za miezi mitatu nyuma, na msimamizi anasaini ukurasa mzima wala hamkumbuki hata mgonjwa mmoja. Ile haikuwa rekodi jamani.

Sasa hivi akitoka tu thieta au wodini anaingiza kesi kwa simu, tarehe, umri wa mgonjwa, tatizo, kilichofanyika, halafu anachagua alitazama tu, alisaidia, alifanya akisimamiwa au alifanya mwenyewe. Hapo kwenye kuchagua ndipo penye roho ya mfumo wote, maana aliyesimama thieta mara thelathini ameshika ritrakta, kile chombo cha kushikilia kidonda kiwe wazi, na aliyeshona mwenyewe hawawezi kuandikwa sawa.

Mwanzoni tulihangaika sana. Tuliacha kila mtu aandike anavyotaka, basi operesheni moja ya kujifungua kwa upasuaji ikaja na majina kibao, huyu CS, yule C/S, mwingine LSCS, na kompyuta ikazihesabu kama vitu tofauti. Tukaweka orodha ya kuchagua, ikawa ndefu mno, watu wakachoka wakawa wanabonyeza "nyinginezo" tu. Sasa zinatokea kwanza kazi za idara aliyopo, na afadhali imekuja.

Lingine, wapo walioingiza majina ya wagonjwa. Tumeyafuta, na narudia, jina la mgonjwa haliingii humo kabisa.

Kilichonipa moyo ni dada mmoja, katikati ya rotesheni tulifungua ukurasa wake, mstari wa kuweka drip umejaa mpaka mwisho, kutoa maji ya uti wa mgongo sifuri. Hakuwa mvivu, kila zikitokea yeye yuko zamu nyingine. Msimamizi akambadilishia ratiba, wiki ile ile akashika sindano mwenyewe huku anaelekezwa, maji yakadondoka matone maangavu safi, akaingiza kesi kabla hata hajakaa chini. Zamani tungeligundua pengo lile siku ya kumsainia cheti.

Ila namba zisitudanganye. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, alishaandika mwaka 1990 kwamba kujua, kujua namna, kuonyesha na kutenda ni ngazi nne tofauti, na hata kutenda mara hamsini hakuonyeshi umetenda vizuri. Kuna mahali walibandika ukutani nani ana kesi nyingi, mara watu wakaanza kujaza za uongo, tukaomba zibanduliwe. Idadi ni ya kutuonyesha nani anakosa nini wakati bado muda upo, siyo ya kushindanisha watu. Ndiyo maana mwaka ujao kila kesi kubwa itakuwa na maoni mafupi ya msimamizi, sentensi mbili zinatosha, alifanya nini vizuri na arudie nini.

Wasimamizi wenye kesi zinazosubiri kuthibitishwa, nawaomba mzimalize kabla ya mkutano mkuu, kuna vijana wanasubiri.