Barua kwa mwanangu: usingoje mizigo

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Barua hii nimeitia kwenye mkoba wa mabuyu ili uisome kwenye treni, mkishapita Voi. Nikisema kwa mdomo tutagombana tena kama jana.

Saa 15 angani! Nawe unanicheka, "Mama, ni usiku mmoja tu." Nimekaa na mdogo wako tukahesabu. Unaondoka Nairobi saa tano na nusu usiku, unatua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi; mtu atadhani ni saa saba tu. Kumbe msimu huu wa baridi wao wako nyuma yetu saa nane, na ndege inakwenda magharibi, alfajiri inakufukuza nyuma isikupate. Utashuka kungali giza. Usiku mmoja, haya, lakini usiku gani huo?

Huku itakuwa saa nane na nusu mchana. Niandikie neno moja, "nimefika". Uwanja ule una intaneti ya bure. Usingoje mizigo.

Mdogo wako amechora njia yako kwa kalamu kwenye mpira wake wenye ramani ya dunia. Kwenye ramani ya ukutani mstari ulipita Nigeria; kwenye mpira umepanda juu, umekata Sahara, umetokea Moroko ndipo ukaingia baharini. Kilomita 11,800 hivi. Zamani mlibadilisha ndege Ulaya au Ghuba. Tangu Oktoba 2018 ndege ya Kenya huenda moja kwa moja. Watu wanasifu. Mimi ningependa ushuke pale katikati nikusikie sauti. Kurudi ni saa 14, upepo wa juu huisukuma ndege kwa nyuma. Upepo una akili.

Inuka utembee, miguu isivimbe wala damu isigande. Unywe maji. Ile nyama kavu uliyoificha chini ya leso nimeitoa, forodhani kwao hawaitaki. Msomi mzima wa kuambiwa hayo! Na huyo msomi nimemtangaza mpaka kwa wauza samaki, usiniulize kwa nini wanakupongeza.

Maskati ni saa tano tu kwa ndege. Nilifika nikakaa wiki tatu sijakupigia, bibi yako nikamwambia baadaye sikuwa na vocha. Vocha nilikuwa nayo. Ungelia, nami ningerudi siku ile ile.

Neno moja tu, mwanangu, hata kabla ya kusimama kwenye foleni ya pasipoti.

Tangi la maji linavuja tena, fundi kasema Jumamosi, nami namjua Jumamosi zake. Kitanda chako kimeshadaiwa, nimesema kingoje. Ufunguo wa kabati siuoni, na leso zangu za arusi zimo ndani. Tazama mfuko wa pembeni wa mkoba, mle unamotia kila kitu. Ukiuona mpe shangazi yako, arudi nao kwa treni ya kesho.

Mamako