Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: kile kipande cha nyama kisitupwe

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum wa rahmatullah.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Amu, na ni mtoto wa fundi wa majahazi wa Matondoni. Ninakuomba vipande vinavyokatwa kwenye uvimbe wa wagonjwa wetu wa saratani vihifadhiwe na jeni zake zisomwe. Ninakuandikia kwa yote mawili, kwa sababu nusu ya jambo hili nilijifunza kwenye vitabu na nusu nyingine nilijifunza nikimshikia baba patasi.

Baba alianza kukwamwa na chakula mwezi wa Rajabu. Kwanza mkate wa mofa, halafu wali, mwisho hata uji ukawa unapita kwa shida. Yeye alisema ni kiungulia. Tulipomvusha Mokowe na kumpandisha basi la Mombasa, kanzu ilikuwa inamning'inia kama imetundikwa kwenye kamba. Wakamwingiza kamera kooni, wakakata kipande cha nyama kwenye umio, wakakitia katika chupa ndogo, na chupa nikakabidhiwa mimi niipeleke maabara nyingine upande wa pili wa mji. Nikalipa, nikapewa risiti, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Majibu yalitoka wiki ya saba: karatasi moja, mistari minne, saratani ya umio. Mwaka mmoja baadaye, baba akiwa ameshazikwa, nilirudi kuuliza kama kile kipande bado kipo. Kijana wa mapokezi alinitazama kwa huruma, akaniambia vya zamani walishavitupa ili vipya vipate nafasi.

Nilikitaka cha nini? Ndiyo sababu ya barua hii.

Ndani ya seli zetu kuna protini iitwayo p53. Iligunduliwa mwaka 1979, na kwa miaka kumi watafiti waliidhania ndiyo mwenye kuleta saratani, kwa kuwa waliikuta imejaa tele kwenye uvimbe. Mwaka 1989 ndipo ilipobainika kwamba waliyokuwa wakiitazama ni p53 iliyokwisha haribika. Ile iliyo nzima kazi yake ni kuzuia. DNA ya seli, yaani maandishi ya urithi wake, ikikatika au ikinakiliwa vibaya, p53 huisimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe, na ikishindikana kutengenezwa huiamuru ife. Mwaka 1992 David Lane, mmoja wa walioigundua, aliiita mlinzi wa jenomu, yaani wa urithi wote ulioandikwa kwenye DNA. Karibu nusu ya saratani zote za binadamu zina jeni ya p53, yaani maagizo ya kuitengeneza, iliyoharibika, na kwa saratani ya umio ya aina inayotuua sana Afrika Mashariki, ni nyingi zaidi ya hapo.

Darasani huwataja ndovu wa Dodori, kwa sababu watoto wa Kiunga wamekua na hadithi zao. Ndovu ana seli nyingi kutupita mara nyingi sana na huishi miaka sitini, lakini saratani humuua mara chache. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba amejaliwa nakala zipatazo 40 za jeni hii, zikihesabiwa za mama na za baba. Sisi tunazo mbili tu, moja ya mama na moja ya baba. Ndiyo maana ikiharibika, hatuna akiba.

Sasa nije kwenye ufundi wa baba. Protini ni mnyororo unaojikunja mpaka ukawa na umbo, na umbo hilo ndilo linaloshika DNA. Mnyororo wa p53 una viungo 393. Katika nafasi ya 220 hukaa kiungo kinene kiitwacho tairosini. Wako wagonjwa ambao kwenye uvimbe wao tairosini imeondoka na mahali pake pameingia sisteini, ambayo ni ndogo. Basi hapo pamebaki ufa. Protini yote iliyosalia ni nzima, lakini kwa ufa ule mmoja joto la kawaida la mwili, nyuzi 37, linatosha kuilegeza hadi umbo likafunguka. Alan Fersht na wenzake wa Cambridge waliuchunguza ufa huo kwa miaka mingi, wakaona kwamba kikipatikana kitu kidogo cha kuujaza, umbo hurudi na kukaza. Dawa iitwayo rezatapopti, ambayo kampuni ya PMV Pharmaceuticals ya Marekani ilianza kuijaribu kwa wagonjwa mwaka 2020, hufanya hivyo hasa. Inaingia kwenye ufa na kukaa humo, na p53 inarudi kazini. Kwa baadhi ya wagonjwa hao uvimbe umenywea.

Hiyo ni kalafati, Mheshimiwa. Pamba inasokotwa, inalowekwa mafuta, inagongwa kwenye mwanya, na mbao zinakazana. Baba alifanya kazi hiyo miaka arobaini. Dawa za saratani tulizozizoea huua seli, nzima na mbovu pamoja. Hii haiui kitu kwa nguvu zake. Inamrudisha mlinzi zamuni. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nililia, sioni haya kuisema.

Lakini kila fundi atakwambia kalafati haitengenezi ubovu wote wa chombo. Nafasi ya 175 ikiharibika, p53 hushindwa kuishika chembe ya zinki ambayo huifunga kama msumari, na wapo watafiti wanaotafuta dawa za kuirudishia zinki hiyo. Nafasi ya 273 nayo ina shida tofauti. Umbo linabaki karibu zima, ila kiganja kinachoshika DNA kimepotea, na hapo kuziba ufa hakusaidii. Ule ufa wa 220 wenyewe hupatikana kwa kama mgonjwa mmoja katika mia. Na si kila dawa ya namna hii imefaulu. Eprenetapopti, iliyotokana na kazi ya Klas Wiman na wenzake wa Karolinska huko Sweden, ilitazamiwa kwa hamu kubwa, halafu mwishoni mwa 2020 jaribio lake la hatua ya tatu, kwa wagonjwa wa uboho usiotengeneza damu sawasawa, halikufikia lengo. Nayasema haya usije ukadhani nakuletea habari ya muujiza. Siombi kaunti inunue dawa.

Ninachoomba ni kwamba uvimbe wa mtu wa Lamu usomwe, yaani jeni zake zichunguzwe maabara ijulikane zimeharibika wapi. Dawa hizi hazitolewi kwa jina la ugonjwa, zinatolewa kwa jina la ufa. Siku daktari atakapouliza mgonjwa huyu p53 yake imeharibika wapi, mgonjwa wa Boston atakuwa na jibu, na wa Faza atakuwa na karatasi ya mistari minne. Na kabla ya dawa kuuzwa huja majaribio, nayo huwafuata watu ambao vipande vyao vimehifadhiwa na kusomwa. Asiyesomwa hayumo kwenye hesabu.

Iko faida nyingine ambayo haingoji dawa yoyote, na kwangu hii ndiyo nzito zaidi. Ufa wenyewe huweza kukuambia nani aliutoboa. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza saratani ya ini huko Qidong, China, na wengine waliochunguza ile ya kusini mwa Afrika, walikuta p53 imeharibika mahali pale pale mgonjwa baada ya mgonjwa: nafasi ya 249, ambapo herufi ya mwisho kati ya tatu za DNA zinazoiandika nafasi hiyo, G, imegeuka T. Hiyo ni alama ya aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, njugu na nafaka zilizowekwa na unyevu. Sumu hiyo ikimkuta mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari inazidishwa mara nyingi. Wakenya tunaijua aflatoksini kwa makali yake ya haraka. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Makali yake ya polepole, yale ya miaka ishirini kwenye ini, hatuyahesabu.

Sisi tunalima mahindi Mpeketoni, Hindi na Witu, na hewa yetu unaijua, nguo ikianikwa ndani haikauki. Mheshimiwa, una mwenzako wa kilimo katika baraza hilo hilo la kaunti. Kama vipande vya wagonjwa wetu wa ini vingesomwa na ikaonekana alama ya 249, mngejua pamoja kwamba fedha ziende kwenye turubai za kuanikia, maghala makavu na vipimo vya unyevu. Isipoonekana, mngejua mtafute kwingine. Hivi sasa jibu lipo ndani ya chupa, na chupa inatupwa.

Mambo yenyewe si makubwa. Kipande kikikatwa, kitiwe kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, iliyosawazishwa asidi yake, kisikae humo chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72, kisha kizamishwe kwenye nta. Ndani ya nta hukaa miaka mingi na bado kinasomeka. Kikiachwa kwenye chupa wiki tatu, kingoje boti, kingoje basi, kingoje mtoto wa mgonjwa apate nauli, DNA yake huvunjika vipande vipande na hata maabara bora haitaisoma. Basi kinahitajika kisanduku, fomalini sahihi, na mtumishi mmoja wa kaunti mwenye jukumu la kukifikisha ndani ya siku tatu. Mgonjwa na jamaa zake waondolewe kazi hiyo. Mimi niliibeba chupa ya baba ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya mapaja, kwenye matatu.

Kuhusu kusoma, basi letu la Mombasa hupita Kilifi. Pale pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989, na mwaka 2020 wanasayansi wa pale walikuwa wakisoma jeni za virusi vya korona kutoka kaunti za pwani, yetu ikiwa mojawapo. Mikono yenye ujuzi wa kusoma jeni iko njiani mwetu. Kusoma jeni ya uvimbe ni kazi yenye taratibu zake na gharama zake, sisemi ni ile ile, lakini mazungumzo ya makubaliano hayahitaji ndege ya kwenda popote.

Watu watauliza maswali, na wana haki. Kipande cha mwili wa Mwislamu si kizikwe? Waulizwe masheikh wetu mapema, kabla ya kipande cha kwanza kuhifadhiwa, nao wawaeleze watu msikitini kwa lugha yao. Vipande vyetu havitauzwa ng'ambo? Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa nyeti, basi fomu ya idhini iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwa sauti mbele ya mgonjwa, na iseme wazi nani mwenye kipande na nani anaruhusiwa kukigusa.

Neno moja kuhusu mabinti zetu. Katika saratani ya mlango wa kizazi, p53 kwa kawaida haina ufa wowote. Kirusi cha HPV huleta protini yake iitwayo E6, inaikamata p53 nzima na kuipeleka ikavunjwe. Chanjo ya kuzuia hayo ilianza kutolewa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Wasichana wa visiwani mbali, wa Kizingitini, Ndau, Kiwayu, wafuatwe kwa boti huko huko waliko.

Bajeti ya mwaka unaoanza Julai inakuja. Naomba ndani yake uwepo mstari wa kusafirisha na kuhifadhi vipande vya wagonjwa wa saratani wa Lamu, na daftari moja la kaunti lenye kila kipande, tarehe kilipokatwa na mahali kilipo. Naomba pia barua ya kwanza iende Kilifi kabla ya pepo za kusi kuanza na safari za visiwani kuwa ngumu.

Risiti ya baba ninayo bado. Ina namba ya kipande chake. Ukiniita ofisini nitakuja nayo asubuhi yoyote ambayo sina kipindi, uione jinsi namba ilivyoandikwa kwa uangalifu.

Wako katika kuwatumikia watu wa Lamu,

Mwalimu wa baiolojia, Amu