Njia ya miguu kando ya reli iliyolala

Mhariri,

Sisi wa Malindi hatuna reli, lakini ndugu zetu wa Taita Taveta wanayo: ile ya Voi hadi Taveta, iliyojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na ambayo kwa miaka mingi imeachwa kuota nyasi. Naomba wahusika wafikirie kutengeneza kando yake njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, bila kung'oa reli, kwani huenda treni ikarudi. Garimoshi haliwezi mwinuko mkali, kwa hivyo ardhi ile ilikwisha kusawazishwa, na hata mwenye magoti mabovu kama mimi ataimudu. Huko Missouri, Marekani, njia ya miguu na baiskeli iitwayo Katy Trail hufuata tuta la reli ya zamani kwa takribani kilomita 380.

Huku kwetu, nikienda Gede kwa baiskeli, kila lori linapopiga honi nyuma yangu, mimi hushuka mchangani. Juzi kikapu changu cha maembe kilimwagikia mtaroni. Changarawe si gharama kubwa. Kazi ipo kwenye vivuko vya mifugo, mifereji ya mvua na, panapopakana na mbuga ya Tsavo Magharibi, tembo.

Msomaji wako,
Malindi