Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Nyumba Zinazojitosheleza kwa Nishati katika Joto la Maskati

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Kwa heshima nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha mafundi na wahandisi wa majengo tunaozungumza Kiswahili hapa Maskati na vitongoji vyake. Mwaka huu kamati yenu ilichagua jambo moja badala ya mengi: nyumba inayojitosheleza kwa nishati, yaani ile ambayo kwa hesabu ya mwaka mzima huzalisha umeme usiopungua ule inaoutumia. Tangu Oman ilipotangaza mwaka 2022 lengo lake la kufuta hewa ukaa ifikapo 2050, wateja wanatuuliza habari za nyumba hizi kila siku, na si haki kuwajibu kwa kubahatisha.

Mwezi Julai baadhi yetu tulikwenda Seeb kukagua nyumba ya mwenzetu aliyejaza paneli za sola juu ya paa, lakini bili yake ya kiangazi haikushuka kama alivyoahidiwa na mkandarasi. Hatukuwa na vyombo vya gharama. Mama mwenye nyumba alitutilia ubani kwenye chetezo, tukakipitisha polepole kando ya madirisha na milango, na kila palipokuwa na upenyo moshi ulitikisika. Kwenye mlango wa uani uligeuka ghafla na kurudi ndani kama uzi unaovutwa. Juu ya paa tulikuta tabaka la kuzuia joto limekatwa kuzunguka tangi la maji, zege likiwa wazi juani, na paneli zimeshika vumbi kiasi cha mtu kuandika jina lake kwa kidole. Tuliziba nyufa, tukafunika zege, tukaosha paneli. Mwenzetu ametuarifu kwamba kiyoyozi cha sebuleni sasa husikika kikizima na kupumzika mchana, jambo ambalo kiangazi kilichotangulia halikutokea.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake mna kosa tunalolikuta kila mahali: watu huanza na paneli, wakamalizia na kivuli. Paneli hupimwa kiwandani seli zake zikiwa na nyuzi joto 25, na kwa kila nyuzi moja inayozidi hapo hupoteza takribani asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu zake. Adhuhuri ya kiangazi chetu seli huweza kupita nyuzi 65, kwa hiyo zaidi ya asilimia 10 huwa imepotea hata kabla ya kuhesabu vumbi. Kiyoyozi nacho huzidiwa kadiri nje kunavyowaka. Ndiyo sababu upo upimaji maalumu wa viyoyozi kwa joto la nje la nyuzi 46 kwa nchi kama hii, tofauti na ule wa kawaida wa nyuzi 35, nami nawasihi muangalie kipimo hicho kabla ya kumshauri mteja anunue.

Wazee wetu walipendekeza turudie minara ya upepo, ile inayonasa upepo juu ya paa na kuushusha ndani, pamoja na madirisha mapana ya nyumba za Unguja. Nawaheshimu, na kuta nene za udongo za Nizwa, kule bara, bado zina mengi ya kutufundisha, ila kwa pwani hii sikubaliani nao. Unguja dirisha hufunguliwa usiku kwa sababu nje kuna afueni. Mwezi Juni 2018, kule Quriyat kwenye pwani hii hii, zilipita saa 24 kamili bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku wa namna hiyo ukifungua dirisha umekaribisha moto, na siku nyingine umekaribisha unyevu ambao kiyoyozi kitalazimika kuukamua.

Usiku huo huo ndio unaofichwa na hesabu ya mwaka. Mpango wa Sahim wa sola za majumbani hapa Oman, ulioanza 2017, unamruhusu mwenye nyumba kuuza kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa umma, umeme unaomzidia, na hilo ni jema; lakini saa tano usiku paneli zimelala na kila kiyoyozi mtaani kinafanya kazi. Kwa maoni yangu, nyumba inayostahili sifa hii katika joto letu ni ile inayotumia jua la mchana kupoza maji kwenye tangi lililofunikwa vizuri, yaje yapoze vyumba baadaye, au kujaza betri, ili usiku isiitegemee gridi kwa kila kitu.

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba kila mwanachama aandike namba za mita ya nyumba yake mara mbili kwa siku, jua linapochomoza na linapotua, kuanzia Mei hadi Septemba, ili tujue usiku wetu unakula kiasi gani. Madaftari yapo kwa Katibu.

Mwenyekiti