Mboga za kwenye ndoo hazitaki pampu, zinataka mbolea yake

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu hii habari ya kulima mboga kwenye maji bila udongo, maana hapa mtaani kwetu Chikongola, Mtwara, kila anayetaka kuanza anaambiwa lazima anunue seti nzima, mabomba, pampu, sijui na nini, anasikia bei anakata tamaa hapo hapo. Jamani kwa mboga za kula nyumbani pampu ya nini? Kuna njia aliyoieneza mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii anaitwa Bernard Kratky, haitumii umeme kabisa, na kwa huku kwetu ambako umeme ukikatika hujui utarudi saa ngapi ndiyo inayotufaa.

Unatafuta ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, unatoboa matundu manne juu, kila tundu unakalisha kikombe cha plastiki ulichokitoboatoboa chini, ndani unaweka makumbi ya nazi yaliyochambuliwa halafu mche wa saladi. (Makumbi kama yalilowekwa baharini kwa ajili ya kamba yaoshe kwanza kwa maji baridi, rudia rudia mpaka chumvi iishe.) Maji yenye mbolea yaguse kitako cha kikombe, basi. Mmea ukinywa maji yanashuka, katikati panabaki uwazi, na ukifunua mfuniko utaona mizizi ya juu inaning'inia hewani ina vinyweleo vyeupe, hiyo ndiyo inayovuta hewa, ile ya chini inakunywa. Sasa mtu akiona maji yamepungua anaogopa anajaza mpaka juu, mizizi ya hewa inazama, siku chache mmea unanyauka na maji tele chini yake. Usijaze! Saladi moja inatumia kama lita 4 au 5 mpaka uvune kwahiyo ndoo moja inazitosha zote nne, na yakikaribia kuisha unaongeza kidogo tu.

Joto letu la pwani nalo siyo la kuchezea, maji yakipata moto hewa inapungua mizizi inaoza, so ndoo ikae chini ya mwarobaini au upande unaopata jua la asubuhi tu, na isipitishe mwanga ndani maana utaota ukijani. Halafu mbu. Ule uwazi wa ndani ndio mazalia yao, ziba kila penye nafasi pembeni ya vikombe kwa kitambaa, tusije tukavuna mboga na malaria pamoja.

Lakini kinachoniuma hasa mpaka nikaandika ni mbolea. Jirani yangu, mama wa watoto wadogo, alienda duka la pembejeo akaeleza vizuri tu kwamba anataka mbolea ya kulimia kwenye maji, akauziwa urea. Mboga zote zikafa na hela yake ikaenda. Urea shambani inafanya kazi kwa sababu udongo una bakteria wanaoibadilisha mmea uweze kuitumia, kwenye ndoo ya maji hao bakteria ni kama hawapo, na hata wangekuwepo urea ni naitrojeni peke yake, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, chuma vitatoka wapi? Inatakiwa mbolea kamili inayoyeyuka yote, na ile ya kuleta kalsiamu, inaitwa kalsiamu naitreti, inakuwa pembeni, unaiyeyusha kwenye chombo chake ndio unaimimina kwenye maji mengi, maana ukiikutanisha ikiwa nzito na ile ya kuleta magnesiamu, yaani magnesiamu salfeti, inaganda inakuwa kama chokaa chini na mmea haupati kitu.

Sasa hizo mbolea ukizikuta zipo kwenye mfuko wa kilo 25, nani wa ndoo mbili atanunua kilo 25? Naomba kupitia gazeti lenu wenye maduka ya pembejeo Mtwara na Lindi watuletee vifurushi vidogo, hata vya robo kilo, na muuzaji awe anajua kipi kinachanganywa na kipi. Na wataalamu wetu wa kituo cha utafiti Naliendele ambao nchi nzima inawajua kwa korosho, tunawaomba siku moja wakae na sisi akina mama wa mjini watuonyeshe kupima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kwamba inatakiwa iwe kati ya 5.5 na 6.5, na maji yetu ya visima tuyafanyeje yakiwa juu ya hapo. Mkitangaza tu siku hiyo gazetini, sisi tutakuja na ndoo zetu.

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara