YAH: Upau wa shaba mlioniuzia ni chuma kilichovikwa shaba

Ndugu Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa kwenye kaunta yenu sikuipata. Masharti ya kurudisha bidhaa mnayajua, mmeyachapa wenyewe nyuma ya risiti, kwa hiyo siyarudii hapa.

Nililipia upau wa shaba tupu, urefu sentimita 30, kipenyo milimita 12. Mlichonipa ni chuma. Nimekibana kwenye jiliwa nikakikata kwa msumeno: ndani kijivu kitupu, na ukingoni utando mwekundu mwembamba kama karatasi. Sumaku inakiganda kama kupe. Shaba haishikwi na sumaku, na anayebandika lebo za metali alipaswa kulijua hilo.

Jumamosi niliuleta kwenu nikiwa na binti yangu. Mhudumu aliupokea, akautupa juu ya kaunta bila kuutazama, akasema mbele ya wateja: "Mzee, umeuchoma mwenyewe, moto umeuharibu. Nenda kacheze na vyombo vya jikoni." Wenzake wakacheka.

Nimeuchoma! Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi. Sisi tulitumia maji yanayochemka, nyuzi 100. Na hata ningeuyeyusha wote ukawa uji, ungebaki shaba. Hakuna moto wa karakana unaogeuza shaba kuwa chuma.

Tulikuwa tunapima mpitisho wa joto. Tulichukua pau mbili za ukubwa mmoja, huo wenu na wa alumini (nao nilinunua kwenu, hauna kosa, nasema haki). Tulibandika pini kwa nta kila baada ya sentimita 5, ili kila moja ianguke joto likiifikia nta yake, kisha tukatumbukiza ncha moja ya kila upau kwenye sufuria moja ya maji yanayochemka. Kipimo cha shaba katika kupitisha joto ni takriban vati 400 kwa mita kwa kila nyuzi, cha alumini kama 237. Shaba ilipaswa kutangulia. Pini ya tano kwenye upau wa alumini ilianguka wakati upau wenu bado unasuasua kwenye ya pili. Tukabadilisha nafasi, tukarudia mara 3. Yale yale.

Binti yangu akaanza kufuta majibu yake. Aliamini amebandika nta nene upande mmoja. Nami, kwa kuiamini lebo yenu, nikamwambia arudie tena. Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha: nilimtilia shaka mtoto aliyepima sawasawa.

Siku iliyofuata tuliuzungushia pamba, ncha moja kwenye maji yanayochemka, nyingine kwenye barafu. Upau wa shaba wa kipimo hicho ungepitisha kama vati 15, zinazotosha kuyeyusha takriban gramu 27 za barafu kwa dakika 10. Tulipotoa kwenye hesabu barafu iliyoyeyuka yenyewe, iliyoyeyushwa na upau wenu haikufika hata gramu 4. Hata nikiwasamehe nusu nzima kwa joto linalopotea njiani, hesabu haikubali. Hapo ndipo nilipouweka kwenye mizani: gramu 266. Shaba ya ujazo ule ina gramu 304 hivi.

Haya yote yalikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa pale kaunta. Narudi pale kwa sababu sijamaliza. Mhudumu wenu alipoutupa upau, binti yangu alikuwa ameshafungua ukurasa wenye jedwali, ameshika kalamu, tayari kumweleza. Mhudumu alilisukuma daftari kwa kidole kimoja, kama mtu anayeondoa uchafu, akasema: "Hapa si shule." Kisha ndiyo akanituma nikacheze na vyombo vya jikoni, na kile kicheko kikafuata. Mtoto alilifunga daftari, akatoka nje kimya. Tangu siku ile hajaligusa. Na Alhamisi kabla ya hapo nilikuwa nimepiga simu mara 4, kila mara naambiwa nisubiri, mpaka simu inakatwa.

Nataka nirudishiwe fedha yangu yote. Nataka pia upau wa shaba halisi, upimwe kwenye mizani na kwa sumaku mbele yangu. Na nataka barua ya kuomba radhi, si kwangu, kwa binti yangu, isainiwe na wewe mwenyewe Meneja.

Tena hayo hayatoshi. Pau zote za shaba zilizoko ghalani mwenu zikaguliwe, na waliokwisha kununua waarifiwe. Mimi nilitaka kupima joto tu. Mwingine ataupeleka kwenye umeme akiamini ni shaba, na chuma huzuia umeme mara kadhaa zaidi ya shaba. Upau huo utapata moto mahali ambapo shaba isingepata. Hapo litakuwa suala la nyumba ya mtu kuungua.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nikikumbuka kile kidole kwenye daftari, nawapa 7. Zikipita kimya, napeleka malalamiko kwa mamlaka inayowalinda walaji, na baada ya hapo tutakutana mahakamani.

Nimeambatanisha nusu ya upau, upande uliokatwa ukitazama juu. Nusu ya pili ninayo mimi, pamoja na risiti na daftari.

Wenu,
Mteja