Aliniambia nikae garini

Shangazi, assalaam alaykum.

Saa tisa usiku hii, nimeshaswali tahajudi na usingizi umegoma. Mume wangu anakoroma hapo pembeni kama vile hakufanya kitu.

Juzi kazini kwao walikuwa wanamuaga bosi, kila mtu na mwenziwe. Nikajiandaa, nikabu yangu ya kufunika uso nikaipiga pasi. Tulipofika akazima gari, akachezeachezea funguo, ndipo akasema: "Wewe kaa garini, nasalimia mara moja natoka." Saa nzima na robo! Na funguo kaondoka nazo, vioo havishuki, nikawa nafunguafungua mlango nipate hewa. Wenzake wanapita na wake zao, wengine mtandio tu, wengine hata huo hawana.

Usije ukadhani nililazimishwa. Watu wakituona wanajua yeye ndiye kanivisha, kumbe siku ya kwanza aliguna, "Hii ya nini tena?" Nilivaa mwenyewe, mwaka wa sita huu, baada ya kuisoma Suratun Nur. Najua wanazuoni wamekhitilafiana, wengi wanasema uso na viganja si uchi, wala sijamsema mtu. Dada yangu hajitandi kabisa na tunakula sahani moja. Najua pia kuwa kabla ya aya ya 31, hiyo yetu, iko ya 30 inayowaambia wanaume wainamishe macho. Hiyo mbona haiachwi garini?

Tulipokwenda umra nilikuwa uso wazi, maana mwanamke akiwa kwenye ihramu havai nikabu. Siku ile alinishika mkono muda wote. Nilidhani ibada imemlainisha moyo.

Na dini anaijua akiitaka. Chakula kikichelewa, "mwanamume ni msimamizi." Ada ya watoto nusu natoa mimi, na dini hiyohiyo inasema mali yangu ni yangu. Sijalalamika. Yaani, nilikuwa sijalalamika.

Lakini garini, Shangazi? Angeniambia nyumbani nisingekwenda.

Wala si hilo nililotaka kuuliza. Jana alipotoka niliivua, nikajitanda mtandio wa kawaida, nikatembea hadi mwisho wa mtaa. Upepo ukanipiga mashavuni, nikafurahi. Kisha nikarudi mbio, nikakaa kitandani nikalia. Nikiivua sasa nitakuwa nimeivua kwa ajili yake, naye ataona kashinda. Nikiendelea nayo, naogopa ninaivaa kumkomoa, na hiyo si ibada tena. Sasa nikiwa na nia gani ndiyo itakuwa ya Mungu?

Au niambie tu nifanyeje aniombe radhi. Lakini usimseme sana, si mtu mbaya.

Wiki ijayo kuna harusi ya mwenzake, keshaniambia nijiandae. Hakusema nivae nini, nami sikuuliza.